Vipepeo Elfu, Jina Moja

Nchi yetu ina aina zaidi ya elfu moja za vipepeo, na lugha yetu ya taifa ina jina moja tu la kuwaitia wote: kipepeo. Yule arukaye usiku, mwenye mwili mnene na rangi ya majivu, tumempa jina la nondo. Mtoto wao tumemwita kiwavi. Na hapo hesabu imekwisha. Mweupe ni kipepeo, mweusi ni kipepeo, mwenye mkia ni kipepeo, na asiyeonekana ila mara moja katika maisha ya mtu, ndani ya msitu mmoja tu wa dunia nzima, naye ni kipepeo. Umaskini huu si jambo dogo, wala si jambo la wataalamu wa wadudu peke yao. Ni jambo la utamaduni. Makala haya yanakusudia kulithibitisha hilo mbele ya walimu na vijana wa shule zetu, na kuwapinga wale wasemao kwamba kutazama viumbe ni mchezo wa wageni wenye fedha za kutumia na wakati wa kupoteza.

Asidhani mtu kwamba Kiswahili ni maskini kwa asili yake. Mwenye shaka na aingie Kariakoo asubuhi yoyote, asikilize. Embe haliitwi embe tu: kuna dodo, kuna boribo, kuna sindano, kuna viringe. Ndizi haiitwi ndizi tu: kuna mzuzu, mshale, bukoba, kisukari na mkono wa tembo, na anayetaka ya kupika hauziwi ya kuiva. Samaki wana majina ya kumchosha mwandishi: changu, tasi, kolekole, chewa, pono, nguru, jodari, kibua, na mchuuzi hatamvumilia mnunuzi anayemwita changu kuwa tasi. Mchele una nchi yake: huu wa Kyela, huu wa Shinyanga. Ukienda katika maduka ya kanga, mama anayenunua haulizi rangi kwanza. Huuliza jina, yaani maneno yaliyochapwa, maana pea mbili zenye ua moja na maneno mbalimbali kwake ni nguo mbili mbalimbali. Na hiyo kanga yenyewe, kwa mapokeo ya wengi, imepewa jina la ndege, kwa sababu ya madoadoa yake.

Hii ndiyo lugha tunayoambiwa kwamba haina haja ya jina la pili la kipepeo! Lugha inayoweza kupambanua embe na embe, ndizi na ndizi, haikushindwa kumpambanua kipepeo na kipepeo. Iliachwa tu bila kupelekwa huko. Jina ni alama ya uangalifu. Kitu tunachokiangalia tunakiita, na kile tusichokiita ni dalili kwamba macho yetu yamekipita.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa: binadamu hutaja anachokula na anachokivaa, embe ni chakula, kanga ni vazi, lakini kipepeo ni nini? Hoja hii ina sura ya busara, lakini haisimami. Wazee wetu wa pwani waliwapa majina kurumbiza, tiva, mbayuwayu, kitwitwi, chozi, shorewanda, kigong'ota na hondohondo. Ni nani kati ya hawa anayejaza chungu? Chozi ni ndege mdogo sana, anyonyaye maua. Nyama yake haimshibishi hata paka. Mbayuwayu hujenga chini ya mapaa yetu na hakuna anayemtega. Walipewa majina kwa sababu watu walikaa, wakatazama, wakasikiliza, wakafurahi. Mababu zetu hawakuwa watumwa wa tumbo, na anayetuambia kwamba Mwafrika hutazama mnyama kwa ajili ya kitoweo tu anarudia matusi ya wakoloni kwa kinywa cha mwananchi.

Tena, mji huu wenyewe umejengwa juu ya majina ya viumbe. Katikati ya Kariakoo kuna mtaa uitwao Mkunguni, yaani penye mkungu. Kuna mtaa uitwao Mchikichi. Jirani yake ni Mnazi Mmoja. Mbele kidogo ni Mchikichini. Na ukienda kaskazini utafika Mikocheni, penye mikoche. Waliotangulia kukaa hapa walijua miti yao kwa sura na kwa jina, wakaitumia kuelekezana njia. Leo maelfu ya vijana hupita Mkunguni kila siku wakienda kununua simu na viatu. Waulizwe mkungu ni mti gani, una majani ya namna gani, na tunda lake linapendwa na popo kwa sababu gani. Wachache watajibu. Jina la mtaa limebaki, lakini maana yake imetoka machoni.

Na Kariakoo yenyewe ni nini? Ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walikuwa Waafrika, na wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na mizigo. Wananchi walilichukua jina la kigeni, wakalipondaponda kwa ndimi zao, wakalifanya Kariakoo, na leo hakuna mtu anayelisikia kama neno la mgeni. Watu waliokuwa na uwezo wa kulitia jeshi la kigeni katika Kiswahili hawawezi kushindwa na mdudu mwenye mabawa manne.

Basi tuulize: macho yetu yalifumbwa na nani?

Yalifumbwa kwanza na ukoloni. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika nchi hii. Tangu hapo mnyama alianza kuwa mali ya dola, na mwananchi aliyekuwa akimjua kwa nyayo, kwa sauti na kwa harufu akaanza kuitwa jangili katika pori la babu yake, huku mgeni mwenye leseni na bunduki akiitwa mwindaji. Waingereza waliendeleza mwendo ule ule. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai wakahamishwa kutoka humo. Mimi sipingi hifadhi. Bila hifadhi tungekuwa tumebaki na picha. Napinga somo lililofichwa ndani ya historia ile, yaani kwamba wanyama wana wenyewe, na wenyewe hao si sisi.

Yalifumbwa mara ya pili na sisi wenyewe baada ya Uhuru, tulipokubali kuwatazama viumbe kwa jicho la mhasibu. Mwezi Septemba 1961, huko Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la kuahidi kwamba taifa changa litawalinda wanyamapori, na ahadi ile ilikuwa ya heshima kubwa, imelifanya jina la nchi yetu lisikike duniani. Lakini husimuliwa pia kwamba Mwalimu alipata kusema kuwa yeye binafsi hangeitumia likizo yake kutazama mamba, ila alijua kwamba Wazungu na Wamarekani wanapenda kufanya hivyo, na kwamba wanyama wangeliletea taifa fedha. Alisema ukweli wa siku zile, na fedha hizo zimejenga mengi. Lakini kauli ya kiongozi ya mwaka 1961 haikukusudiwa kuwa sheria ya macho ya watoto wa leo. Tukiendelea kuamini kwamba mnyama ni bidhaa ya kumwonyesha mtalii, tutakuwa kama mpishi anayepika kila siku bila kuonja.

Tazama lilivyo jambo hili katika shule zetu. Mwulize mwanafunzi wanyama wa Tanzania, atakutajia wakubwa watano: simba, tembo, nyati, chui, faru. Orodha hiyo ilitoka wapi? Ilitungwa na wawindaji wa kizungu, kwa kuhesabu wanyama waliokuwa wa hatari na wagumu kuuawa kwa miguu. Ni orodha ya bunduki. Mtoto wa Kariakoo, ambaye huenda asimwone faru maisha yake yote, hufundishwa kuisoma kama sala, ilhali hawezi kumtaja ndege aliyekaa juu ya paa la shule yake.

Hapa hutokea sauti nyingine na kusema: mjini hakuna wanyama, hayo ni mambo ya shamba na porini. Nami nasema, tuanze na hao walio mjini, maana penye miti ndipo hapana wajenzi.

Yuko kunguru. Kila mtu wa Dar es Salaam anamjua, na karibu kila mtu anamchukia. Lakini ni wangapi wajuao kwamba kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji? Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, ili awe mzoaji wa taka. Hakutosheka na taka. Alienea katika pwani ya bara, akala mayai na makinda ya ndege wadogo, akamfukuza kunguru wa asili, yule mwenye kifua cheupe. Serikali na wahifadhi wametumia mitego na sumu kumpunguza, naye bado yupo, kwa sababu sisi tunamlisha kila siku kwa taka zetu za sokoni na za majalalani. Hebu liangalie somo lililomo katika ndege mmoja: historia ya ukoloni, usafi wa mji, na habari za kiumbe mgeni na madhara yake kwa wenyeji. Mwalimu wa historia, wa uraia na wa biolojia wangeweza kukutana chini ya mwarobaini mmoja na kumfundisha kunguru muhula mzima.

Yuko kipepeo wa mlimau. Ni mkubwa, mweusi, mwenye mabaka ya manjano, na kwenye mabawa ya nyuma ana madoa kama macho. Hutaga mayai yake juu ya majani ya milimau, mindimu na michungwa, hata miche iliyo katika makopo uani. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, hivyo hakuna ndege anayetamani kumla. Akikua hugeuka kijani, akafanana na jani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kumfukuza adui. Hayo yote hufanyika juu ya mndimu ule ule unaochumwa ndimu ya kutia katika supu. Watu humwona kiwavi huyu, humponda kwa kandambili, na kesho yake mtoto wa nyumba hiyo huenda darasani kunakili ubaoni: yai, lava, pupa, mdudu kamili.

Yuko kipepeo mwingine, wa rangi ya kutu, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizokatwa kwa utepe mweupe. Huruka polepole kama asiyeogopa kitu, na kweli haogopi. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na kutoka humo hupata sumu inayobaki mwilini hata akiwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na hatarudia tena. Sasa sikiliza ajabu. Yuko kipepeo wa jamii nyingine kabisa, ambaye jike lake halina sumu kama ile, lakini limejivika rangi zile zile, utepe ule ule na mwendo ule ule, ili ndege wadanganyike wamwache. Dume lake halifanani naye hata kidogo: ni jeusi, lenye mabaka meupe yaliyozungushiwa zambarau. Mtu asiyejua atadhani dume na jike ni viumbe wa makabila mawili. Na viwavi wao hula magugu ya kawaida ya viwanja vitupu.

Habari hii haikugunduliwa katika pori la mbali. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa zoolojia, D. A. S. Smith, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwachunguza vipepeo hao wawili hapa hapa Dar es Salaam, akachapisha matokeo yake mwaka 1976, na wanasayansi wa ulimwengu wanaosoma habari za mwigo na urithi bado huyarejea. Jina la mji wetu limo katika vitabu vya elimu hiyo. Lakini mtoto wa mji huo, akimwona kipepeo yule yule akipita juu ya kifusi, hana neno la kumwambia mwenzake ila moja: "Kipepeo." Wageni wamesoma katika uwanja wetu, na sisi tumebaki kuukata majani.

Kisha iko Pugu. Kutoka sokoni Kariakoo hadi vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, si safari ya siku nzima. Wengi hulijua jina la Pugu kwa sababu ya shule alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie siasa ya ukombozi. Wachache wajua kwamba misitu ile ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, ambayo imebaki vipande vipande kutoka Kenya hadi Msumbiji, na ambayo ndani yake wamo mimea na wanyama wasiopatikana pengine popote duniani. Humo anaishi komba wa Rondo, mmojawapo wa komba wadogo kuliko wote, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, yaani kama yai moja la kuku. Yu miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Na maadui wake ni akina nani? Ni shoka na tanuri la mkaa. Mkaa huo ulikuwa na soko. Soko lake lilikuwa majiko ya mji huu. Kwa miaka mingi Dar es Salaam imeupika msitu wake bila kuujua. Mtu hawezi kukililia asichokijua kwa jina. Ndiyo maana msitu ulipopungua hapakuwa na matanga mjini.

Sasa nirejee kwa wale wa hoja ya anasa. Husema: taifa lina njaa, maradhi na ukosefu wa kazi; vipepeo vya nini? Ningependa waulizwe wakulima. Mwaka 1993, penye magofu ya Gede nchini Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianzishwa mradi ulioitwa kwa Kiswahili safi, Kipepeo. Wakati huo wengi wa wakulima waliouzunguka msitu walitaka ukatwe wapate mashamba. Walifundishwa kuwafuga viwavi, na pupa wao wakauzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo huko Ulaya na Marekani. Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanavijiji wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, walianza kazi kama hiyo. Na huko Unguja kipo kituo cha vipepeo cha Pete, jirani na msitu wa Jozani. Mkulima asiyejua ni mti gani unaoliwa na kiwavi gani hawezi kupata hata senti moja katika kazi hii. Elimu ya vipepeo kwake ni jembe.

Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje, ili kuzuia wizi wa rasilimali za taifa. Nia ilikuwa njema, na wezi walikuwapo. Lakini kipepeo aliyefugwa na mama wa kijijini juu ya miti aliyoipanda kwa mkono wake aliwekwa katika fungu moja na mnyama aliyenaswa porini, na soko la watu wa Amani likafungwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha hasara ya kuwa na neno moja kwa mambo mengi. Anayewaita wote wanyamapori huwatungia wote sheria moja. Upungufu wa maneno huanza katika kamusi na huishia katika mfuko wa mwananchi.

Wako pia wasemao kwamba majina ya Kilatini yanatosha. Majina hayo ni mema, na kazi yake ni kubwa: huwawezesha wataalamu wa mataifa yote kusema juu ya kiumbe kimoja bila kukosana. Lakini hakuna mtu anayempenda jirani yake kwa namba ya kitambulisho. Tena elimu yenyewe haidharau majina yetu. Katika misitu ya Mlima Rungwe wawindaji walikuwa wakimtaja kima mmoja mwenye aibu, waliyemwita kipunji. Watafiti walizifuata habari zile, wakamwona, na mwaka 2005 ulimwengu ukatangaziwa kwamba Tanzania ina kima asiyepata kujulikana na sayansi. Leo jina lake la kisayansi lina neno kipunji ndani yake, na neno Rungwe pia. Jina lililotamkwa na wawindaji weusi wasiokuwa na shahada liliingia katika Kilatini. Kilatini ndicho kilichojongea.

Linganisha habari hiyo na ile ya chura wa Kihansi. Chura huyu, mdogo kama ukucha, wa rangi ya dhahabu, azaaye watoto badala ya kutaga mayai, aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi na si mahali pengine duniani. Alijulikana kwa sayansi mwaka 1996 tu, wakati mipango ya kuyageuza maji kwa ajili ya umeme ilikuwa imekwisha kukamilika. Maji yalipopunguzwa, naye akapungua. Mwaka 2000 chura wapatao 500 walichukuliwa kwenda Marekani wakatunzwe. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Taifa lilihitaji umeme, na hilo silikatai. Lakini fikiri: raia mwenzetu, asiye na nchi nyingine, alilazimika kuhifadhiwa New York kwa sababu tulimfahamu akiwa amechelewa. Ni wangapi wengine wametoweka bila hata kuchelewa kufahamika?

Sasa niseme na walimu. Mwaka 1967 taifa lilitangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Siasa ile ilishutumu elimu inayomtenga mtoto na mazingira yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yako vitabuni. Wengi waliielewa kuwa ni amri ya kulima bustani za shule tu. Jembe lilikuwa sehemu ya siasa ile. Kiini chake kilikuwa macho. Mwalimu anayefundisha maisha ya kipepeo kwa chaki, huku dirishani kuna mndimu wenye viwavi, ameikana elimu ile hata kama shamba la shule yake linatoa magunia mia. Najua mzigo wa mwalimu: darasa limejaa, vifaa ni haba, mtihani unakuja. Lakini kazi ninayoipendekeza haihitaji darubini, wala gari, wala kibali cha wizara.

Kila shule na iwe na daftari moja la viumbe. Kila juma wanafunzi wawili waandike walichokiona katika uwanja wa shule, Mnazi Mmoja, kando ya bonde la Msimbazi, au katika bustani ya mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Waandike tarehe, mahali, rangi, umbo, mti aliotua, na alichokuwa akifanya. Kisha wawaulize wazee wao, kwa lugha zao, kama kiumbe huyo ana jina. Kariakoo ni mahali pafaapo kuliko pote kwa kazi hii, maana katika mtaa mmoja utawakuta Wazaramo, Wandengereko, Wasambaa, Wahehe, Wanyakyusa, Wachaga na Wapemba. Huenda jina tulilolikosa katika Kiswahili limelala katika Kisambaa, likisubiri kuulizwa. Pasipokuwa na jina, watoto na walitunge, kwa kufuata njia ya wazee: kwa mti, kwa rangi au kwa tabia. Yule wa mlimau aweza kuitwa kipepeo ndimu. Yule mwenye sumu, kipepeo sumu. Na yule anayemwiga, kipepeo mwigo. Hii ni mifano, si amri. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 kwa kazi za namna hii, na wanaisimu wetu walikwisha kutuandalia istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Waletewe majina kutoka shuleni, wayachuje, wayasanifishe. Kamusi itakayojazwa na watoto waliotazama itadumu kuliko ile iliyojazwa na kamati iliyoketi.

Natoa na onyo. Kutazama si kukamata. Asitokee mwalimu wa kuamuru kila mtoto alete vipepeo kumi waliochomwa pini, wala kijana wa kumtafuta aliye nadra ili amwuze. Aliye nadra ni nadra kwa sababu ya kupungukiwa na makao. Ukimwondoa umemaliza kazi ya shoka. Fahari ya mtazamaji iwe kusema, "Nilimwona, nikamwacha anaruka."

Kwa vijana nina neno fupi. Mtaambiwa kwamba huu ni ushamba. Wajibuni kwamba mshamba wa kweli ni yule anayepita katikati ya nchi yake asijue aliyempita. Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na vinyago peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyowajua majirani zao wasiosema. Ngoma zetu tumezirudishia heshima, lugha yetu tumeipandisha hadi bungeni na mahakamani, mitaa yetu tumeibadilisha majina ya wakoloni. Wamebaki hawa wapitao juu ya vichwa vyetu kila asubuhi kati ya Msimbazi na Mnazi Mmoja bila kuitwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye macho aliyefundishwa na wengine asitazame, huyo lazima aambiwe, na aambiwe na mwalimu wake, kwa Kiswahili, kuanzia muhula huu.